Shabani Hakulewa, Yaya

Mususa, Butembo
Jumatano, baada ya Adhuhuri

Kwako Yaya Zaina, dada yetu mkubwa uliyetulea mimi na Shabani tangu Mama alipotutoka,

Asalaam aleikum. Naomba karatasi hii ikukute una nguvu, na lile goti lako la kushoto limekubali kukufikisha sokoni bila fimbo. Shemeji amepona kikohozi? Mvua za huko Kindu zimeliacha paa la jikoni salama, au bado mnasogeza sufuria kila zinaponyesha? Hapa kwangu mke mzima, watoto wazima, biashara ya viazi inakwenda hivyo hivyo. Mimi pia, ukinitazama kwa nje, ni mzima.

Anayekusomea ni binti yako Rehema. Rehema mwanangu, soma polepole, wala usiruke neno kwa sababu linamchafua mjomba wako. Nimeandika kwa mkono, nikapiga picha kurasa zote na kukutumia kwenye simu yako, maana mama yako kila nikimpigia na kulitaja jina la Shabani hukata. Simlaumu. Mimi ndiye niliyempa sababu ya kukata.

Yaya, miezi minne iliyopita nilikupigia nikakuambia mdogo wetu Shabani amekuwa mlevi. Unanijua, nikishaamua jambo limekwisha, na nilikuambia kama mtu aliyeishika chupa kwa mkono wake. Ukasema, "Basi amefuata njia ya Baba. Asinipigie mpaka aache." Tangu siku hiyo hujasikia sauti yake, naye hajasikia yako.

Shabani hakunywa. Hakunywa hata tone moja, si jana, si mwaka jana. Ana kansa ya ini, na yale mambo yote tuliyoyaita ulevi ndiyo yaliyokuwa dalili yake ya kwanza. Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha kalamu, nikatoka uani nikazunguka, nimerudi sasa. Bado siamini mkono wangu ulichoandika.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, ili ujue jinsi mtu mzima mwenye akili zake anavyoweza kuwa mjinga kiasi hiki.

Unajua Shabani ndiye aliyekuwa akiadhini Alfajiri kwenye msikiti wetu mdogo hapa Mususa. Mchana alikuwa akiliendesha lori langu, anashusha viazi na kabichi za Masereka hadi Beni, na abiria wachache juu ya mzigo, anarudi na magunia ya kakao kutoka upande wa Mangina. Miaka minane hajagonga hata mbuzi. Basi asubuhi moja tuko kwenye mikeka tunamsikiliza. Akaanza vizuri. Katikati akanyamaza. Tukasikia anapumua kwenye kipaza sauti, kisha kwa sauti ile ile nzuri aliyopewa na Mungu akaita, "Beni! Beni! Kumebaki nafasi moja! Mama, panda, tunaenda!"

Mtaa mzima ulisikia, Waislamu na Wakatoliki. Kuna waliocheka hadi wakashika ukuta. Mimi nilipanda mbio hadi kwenye kile chumba cha kuadhinia nikamkuta amekishika kizingiti cha dirisha, shati limelowa jasho na huku kuna baridi ya kung'ata, macho yananiangalia kama ninamzibia njia. Nikamuuliza kama ananijua. Akaniambia, "Papa, lipa kwanza." Nikamburuta nyumbani kwake kwa ukosi wa shati. Mkewe Masika akampa chai yenye sukari nyingi na ndizi mbili, na kabla sijamaliza kufoka alikuwa amerudi kuwa Shabani, ameketi anauliza kwa nini nina hasira. Nikasema moyoni, angalia ujanja wa walevi.

Yakaja mengine. Siku moja alivaa viatu vya watu wawili tofauti akaenda kukaa ndani ya lori la jirani. Siku nyingine alimtukana mzee wa soko, Shabani huyu ambaye akikanyaga kuku humwomba radhi. Kila mara ni asubuhi kabla hajala, au mchana akichelewa chakula. Kila mara jasho, mikono inatetemeka, ulimi mzito. Na kila mara akishakula, anarudi. Mambo yote hayo yalikuwa mbele ya macho yangu, Yaya, na sikuyaunganisha.

Masika aliyaunganisha. Yeye hakusoma sana, lakini anaishi naye. Alikuja kwangu na kanga yake kichwani akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. Akaniambia, "Shemeji, bwana yangu hapana kulewa. Kama njaa inamukamata anapotea, kama anakula anarudia mutu. Minamuamushaka na ndizi mukononi. Kweli, vraiment, hiyi haiko pombe."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia anamficha. Nilimwambia wajomba zake wa Masereka ni Wakatoliki, pombe kwao ni kinywaji cha kukaribisha mgeni, na Shabani anapopakia viazi huko nani anajua anakaribishwa na nini. Mwanamke aliyesilimu kwa hiari yake, anayefunga kuliko mke wangu, nilimtupia hilo mbele ya watoto wake. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, shemeji," akaenda.

Halafu Shabani alikuwa ananenepa. Hilo nalo lilinidanganya. Mgonjwa tunayemjua sisi hukonda, huwa na macho ya manjano, hulalamika tumbo. Huyu alikuwa anakula kuliko sote, mashavu yamejaa, hana maumivu popote. Nikasema hayo ni mashavu ya pombe.

Sasa nakuja kwenye lililo baya. Niliwaita wazee wenzangu watano wa msikiti. Tukamketisha Shabani katikati, nikaweka Msahafu mbele yake, nikamwambia aape kwamba hajanywa. Nilijua huyu hawezi kuapa uongo, nikaona nimempata. Akautazama ule Msahafu, akanitazama mimi. Akasema, "Kaka Amisi, siwezi kuapa juu ya kitu sikumbuke. Minajua sikunywaka. Mais ile saa banasema, mimi sikuwe pale. Namna gani nitaapa?"

Mtu mkweli alikataa kuapa kwa sababu ya ukweli wake, nasi tukachukua huko kukataa kuwa ni kukiri. Sheikh wetu hakuridhika. Alisema mtu huyu apelekwe hospitali kwanza. Mimi nikamkata kauli, nikasema hospitali haitibu pombe, huyu ni ndugu yangu na namjua. Nikamvua kazi ya kuadhini. Nikamnyang'anya ufunguo wa lori. Na kama vile hiyo haitoshi nikampa kufunga, kila Jumatatu na Alhamisi, mpaka pombe imtoke.

Soma tena hapo, Rehema. Nilimchukua mtu ambaye njaa ilikuwa inamuua, nikampa kufunga.

Naye alikubali. Si kwa kunitii tu. Masika ameniambia juzi kwamba Shabani mwenyewe alikuwa ameanza kuamini. Alikuwa akivua shati anainusa, anamuuliza mkewe kama inanuka. Alikuwa anajitafuta pombe mwilini mwake kama mtu anayetafuta mwizi nyumbani. Hilo linaniumiza kuliko yote, kwamba nilimfanya asijiamini mwenyewe.

Jumatatu ya kwanza alilala tangu Adhuhuri, na Masika alimwamsha asiamke mpaka alipompaka asali ndani ya shavu. Hakuniambia. Aliniogopa, na nilikuwa nimemfundisha kuniogopa.

Alhamisi nilikuwa na safari ya Beni, nikaamua nimchukue nikae naye ndani ya lori, ili nione kwa macho yangu kwamba hanywi wala hali kwa siri. Masika alitoka na mfuko. Ndani mlikuwa na mkate na chupa ya chai ya moto. Nikauchukua mfuko nikaurudisha mikononi mwake. Nikamwambia, "Anafunga. Chai ni ya nini?" Akasema, "Shemeji, tafazali." Nikabamiza mlango, tukaondoka.

Tulipopita Maboya alikuwa anazungumza vizuri, ananionyesha mashimo mapya ya barabara. Baadaye akawa kimya. Nikadhani ameninunia. Tulipokaribia kuingia Beni nikasikia meno yake yanagongana. Nikageuka, nikaona macho yamepanda juu, mwili umekakamaa, miguu inapiga dashibodi, mapovu mdomoni. Yaya, nilishika usukani nikasahau breki iko wapi. Nilisimama katikati ya njia, pikipiki zinanizomea. Nilikuwa napiga kelele jina la Mama.

Wanaume wawili walinisaidia kumbeba hadi kwenye dispansari ndogo kando ya barabara. Ndani kulikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, wanamwita Mama Katungu, mwenyeji wa Mangina. Aliniuliza nini kimempata. Na mimi, katika hali ile, nikamwambia, "Mama, huyu ni mulevi. Leo anafunga, mais iko na ulevi."

Alikuwa anamgeuza Shabani ubavu. Akanitazama juu ya miwani. "Papa, mutu anayefunga tangu asubuhi, alilewa saa ngapi?"

Miezi minne sikuwahi kujiuliza swali hilo jepesi.

Hakubishana nami. Alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupimia sukari. Baadaye aliniambia kwamba wakati wa Ebola alifanya kazi kwa wagonjwa kule kwao, na huko walizoea hivi: mtu yeyote anayeletwa amepotewa na akili, kabla ya kumpa jina la ugonjwa, pima sukari kwanza. Mashine ikasoma ishirini na sita. Akaigeuza nami nione, kana kwamba najua kuisoma. "Mutu muzima hashuke chini ya sabini akibaki salama," akasema. "Huyu alikuwa anakwenda."

Akamwingizia sukari kwenye mshipa, polepole, bomba zima. Nilisimama pale nimeshika viatu vyake. Sikuhesabu dakika, lakini zilikuwa chache. Jasho likakoma. Macho yakashuka, yakatafuta, yakanipata. Akauliza, "Kaka, tumefika Beni?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaliona lile bomba mkononi mwake, uso ukambadilika, akasema, "Ah, banavunja saumu yangu?"

Nilitoka nje nikaketi kwenye gurudumu la lori nikalia mbele ya watu wasionijua.

Mama Katungu alinifuata. Nikamshukuru kwa Kinande, wasingya, nikamwambia sasa nimeelewa, ni sukari tu, nitamnunulia peremende. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kama alikuwa anakunywa dawa ya diabeti, ningesema dawa ilizidi. Hana diabeti, hana dawa. Donc ile sukari inaenda wapi? Kuko kitu inaikula. Mupeleke hospitali kubwa leo, hapana kesho." Akanifungia glukozi kwenye karatasi, akanionyesha jinsi ya kumpaka ndani ya shavu, vile vile Masika alivyofanya na asali bila kufundishwa na mtu.

Hospitalini walimlaza. Sukari ikipandishwa, baada ya saa chache inashuka tena. Daktari, kijana mpole wa Lubero, alimpapasa tumbo kwa muda mrefu upande wa kulia, chini ya mbavu, kisha akampeleka kwenye ekografi, ile mashine ya kutazama ndani ya tumbo. Niliruhusiwa kusimama humo ndani. Kwenye kile kioo cha kijivu akanionyesha kitu cha mviringo ndani ya ini, kikubwa kama ngumi yangu. Hakuniambia ni nini siku hiyo. Walipima damu, wakarudia kupima, na siku ya nne akanikalisha kwenye chumba chake akafunga mlango.

Nitakuandikia alivyoniambia, maana nilimwomba arudie mara tatu. Alisema, "Papa Amisi, ile uvimbe iko kwa ini ni kansa. Inakula sukari, na tena inatengeneza kitu sawa dawa ya kushusha sukari, inamwaga kwa damu. Ndio maana alikuwa anapotea. Haikumuuma, haikumuletea manjano, mais ilikuwa inatoa habari tangu mwanzo." Akasema kansa nyingine hujitangaza hivyo, mbali na pale zilipojificha. Kuna mtu damu inaganda miguuni bila sababu, mwingine ncha za vidole zinavimba, mwingine anatoka upele wa ajabu au misuli inakosa nguvu, na watu wanatibu mguu, wanatibu upele, huku kansa yenyewe imekaa kwenye pafu au tumboni.

Nikamuuliza, kama ningemleta siku ile ya adhana? Akasema, "Sitakudanganya. Miezi minne ni miezi minne." Nilimheshimu kwa hilo.

Matumaini yapo, Yaya, usijifunike kanga ya msiba bado. Uvimbe uko upande mmoja wa ini, ule mwingine daktari anasema unafanya kazi vizuri. Kama haujasambaa, wapasuaji wa Kampala wanaweza kuukata. Hawajaahidi. Wametaka wamwone wenyewe. Jumatatu tunavuka Kasindi, mimi, yeye na Masika. Mpaka siku hiyo anakula kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, uji, ndizi, mkate, na Masika ndiye anayeshika saa. Mimi nimepokonywa madaraka yote na nimeridhika.

Tuliporudi Butembo nilikwenda kwanza kwa Masika. Nilipiga magoti kwenye saruji ya ukumbi wake, mzee mwenye ndevu nyeupe. Alisema, "Simama, shemeji, batoto banaona." Nikamwambia waone, walikuwepo pia siku ile. Ijumaa baada ya swala nikasimama mbele ya watu, nikasema niliyoyafanya, nikataja Msahafu, nikataja kufunga, nikautaja na ule mfuko wa chai. Nilitamani mtu anitukane. Hakuna aliyenitukana, walinishika mikono tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kuna jambo la kufanya huko kwenu, na tafadhali msilicheleweshe. Damu ya Shabani imekutwa na virusi vya homa ya ini, ile wanayoiita B, na daktari anasema huenda amekaa navyo tangu utotoni bila kujua, na ndivyo vilivyoutengenezea uvimbe njia. Vinaweza kupita kwa mama hadi kwa mtoto. Mimi nimepimwa, sina. Nilipoambiwa hivyo nilitazama chini kwa aibu, kama aliyeiba bahati ya mwenzake. Wewe nenda ukapimwe, Yaya, na Rehema, na wajukuu. Kwa asiye navyo kuna chanjo. Masika na watoto wao wamekwisha kupimwa, tunangoja majibu.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Jana nilimkuta Shabani amekaa juani na bakuli lake la uji. Daktari alikwisha kumweleza jina la ugonjwa, anajua kila kitu, anajua kwamba Kampala wanaweza kufungua tumbo na kulifunga tena bila kugusa. Nikamwambia nitakuandikia. Nilitegemea atume salamu, au aombe dua. Akaweka kijiko chini akasema, "Mwambie Yaya sikunywaka. Anza na hiyo. Ile ya kansa utamwambia kisha."

Ndivyo alivyozipanga habari zake, na ndivyo nilivyozipanga kwenye barua hii. Mdogo wetu anakwenda kukatwa ini, na kinachomnyima raha ni kwamba dada yake anamwona kama Baba. Najua pombe ya Baba ilikuchukulia nini, shule yako, ujana wako, na ndiyo maana nilipokutamkia neno hilo ulifunga mlango. Uliniamini mimi. Siombi unisamehe leo, hasira yako ni haki yako na nitaibeba. Naomba umpigie Shabani kabla ya Jumatatu. Hajui kama nimekuomba hili.

Nisalimie shemeji mumeo, na shangazi yetu wa kule Kasuku, mwambie Amisi hana tena mdomo wa kujisifu. Nisalimie mwalimu wetu wa Kurani kama bado anaona, umwombe asome Yasini kwa ajili ya mwanafunzi wake. Salamu kwa jirani yako muuza mawese, na kwa wajukuu wako wawili ambao bado sijawabeba. Masika anakusalimia, anasema atakutunzia mdogo wako.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupa habari ya uongo nikiamini ni ya kweli,

Amisi

Nimesahau hili, Rehema, lisome kwa sauti. Yaya, mpigie baada ya saa mbili asubuhi, akishakula. Ukimpata kabla ya hapo anaweza asikutambue, anaweza hata kukujibu vibaya. Ikiwa hivyo, usikate. Mwambie ale.